Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori: ileteni ramani ardhini kabla ya kuitia saini

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopeleka ofisini kwako hazikujibiwa. Wiki iliyopita tembo wameingia tena mashambani kwetu usiku. Jirani yangu yuko hospitalini, mguu umevunjika. Shamba langu, lililokuwa limebakiza siku chache livunwe, limelazwa lote. Walipita katika eneo ambalo ramani yenu ya makazi ya tembo imelipaka kijivu, yaani haliwafai. Ni kwa sababu ya rangi hiyo askari wa wanyamapori waliokuwa upande wetu walihamishwa.

Siipingi kazi hii ya kuchora ramani za makazi ya wanyama. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, idara ya samaki na wanyamapori ya Marekani ilipoanza kupima ubora wa makazi kwa kipimo cha 0 hadi 1, wahifadhi wengi wameitumia njia hiyo kuamua wapi palindwe na wapi mnyama aliyetoweka arudishwe. Wataalamu wenu walipokuja kutueleza nilifurahi, nikaamini kwamba sasa maamuzi yatafuata ushahidi. Mliahidi mbele ya mkutano kwamba ramani italetwa kwetu ihakikiwe kabla ya kutumika. Haikuletwa. Kilichokuja ni amri ya kuwahamisha askari.

Mheshimiwa, ramani kama hizi huchorwa kwa modeli, yaani hesabu za kompyuta za kukadiria mnyama anaweza kuishi wapi. Programu ya modeli kama MaxEnt, inayotumika sana tangu ilipotangazwa mwaka 2006, hupewa mahali mnyama alipoonekana, ikapewa na mvua, joto, mwinuko, uoto na umbali wa maji, kisha hutafuta kwingine kunakofanana na hapo. Pasipo na taarifa, haiwezi kujua kama mnyama hayupo au hakuna mtu aliyekwenda kumtafuta. Na taarifa zenu zilitoka wapi? Tulichokiona sisi ni magari ya doria, mchana, kandokando ya barabara. Huku kwetu gari halifiki. Tembo wanaoishi jirani na watu hujificha vichakani mchana na kutembea usiku. Nashuku kuwa modeli imejifunza barabara zenu zinapopita, ikatuletea hizo kama makazi ya tembo. Nyayo na vinyesi tulivyowaonyesha vijana wenu havimo, au kama vimo, mtuonyeshe.

Data za hali ya hewa zinazotumika sana katika modeli hizi ni wastani wa miaka 1970 hadi 2000, katika vimraba vya karibu kilomita moja kila upande. Korongo letu, ambalo hubaki na maji kiangazi chote, ni jembamba mno kuonekana humo. Tembo mzima anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa siku, na maji atayafuata popote yalipo.

Tulipouliza tuliambiwa modeli imepata alama ya juu. Katika kipimo hicho cha jinsi modeli inavyotofautisha palipo na mnyama na pengine, 0.5 ni kubahatisha na 1 ni ukamilifu, sawa. Lakini kama imepimwa kwa taarifa za barabara zilezile, ni mwanafunzi aliyetahiniwa kwa maswali aliyokwisha kupewa majibu. Alama hiyo hupanda pia mkichukua eneo pana mno, lenye sehemu ambazo tembo hafiki kabisa.

Tena kuna jambo ambalo hata modeli nzuri haitawaambia yenyewe: mnyama hupita mahali asipoishi. Ushoroba, yaani njia ya kupita wanyama, unaweza kuwa na alama ndogo ya makazi na bado ukawa njia pekee ya kwenda majini. Mkiufuta kwenye ramani, tembo wataendelea kuupita, nasi tutakuwa ndani yake bila askari.

Tunakesha. Watoto wanasinzia darasani. Kuna wanaosema sasa tujilinde kwa namna yoyote, na mimi niliyekuwa nikiwatuliza kwa ahadi zako sina tena la kuwaambia. Tembo nao watakufa katika ugomvi huu.

Nasikia mipaka mipya itatiwa saini karibuni kwa ramani hiyohiyo. Usitie saini. Watume wataalamu na ramani mkononi, watembee nasi kiangazi na masika, waweke kamera za kunasa wanyama usiku, waipime modeli kwa taarifa ambazo haijawahi kuziona. Hadi hapo, turudishieni askari. Nakuomba tena, Mheshimiwa: usitie saini kabla ramani haijaletwa huku.

Wako kwa heshima,
Mkulima, jirani wa hifadhi