Arobaini ikiisha, mama aulizwe hali yake

Ndugu Mhariri,

Mama akijifungua, nyumba hujaa watu. Huyu anapika mtori, yule anachemsha maji ya kukanda, mwingine anafua nepi. Arobaini ikiisha, bibi anarudi kwake, baba alisharudi kazini siku nyingi, na mama anabaki peke yake na kichanga. Mila hii ni nzuri, ila inakatika mapema mno. Machozi ya siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kujifungua huwapata akina mama wengi na huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, haiishi hivyo, na inaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza, wasaidizi wakiwa wameshaondoka.

Kliniki mama hasemi ana huzuni. Anasema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, maziwa hayatoshi. Muulize usingizi: mtoto akilala fofofo, yeye analala? Asiyepata usingizi hata hapo afuatiliwe.

Nafasi ya kumuuliza tunayo. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 zinamleta kliniki mara 3, na ile ya kwanza inaangukia palepale arobaini inapoisha. Kwa sasa mara nyingi mtoto anapimwa uzito, kadi inajazwa, basi. Muuguzi aongeze maswali 2. Mwezi huu uliopita, mara nyingi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Umekuwa huoni raha hata kwa mambo uliyoyapenda? Akikubali mojawapo, litumike dodoso la Edinburgh la kupima sonona ya uzazi, lenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Alama 13 au zaidi kati ya 30, aonwe na mtaalamu. Swali la 10, la mawazo ya kujidhuru, halingoji kujumlisha: akionyesha kuwa yapo, hata kwa nadra, ashughulikiwe siku hiyohiyo. Apimwe na wingi wa damu, maana upungufu wake nao huleta uchovu unaofanana na sonona.

Zoezi hili huharibika kwa namna mbili. Kwanza, kumuuliza "mama hujambo?" kwenye foleni, atajibu "sijambo", na ni adabu tu. Pili, kumuuliza mbele ya mama mkwe.

Nyumbani, msaada wa kwanza ni usingizi usiokatika wa saa 4 au 5. Mama anyonyeshe saa mbili usiku, alale chumba kingine hadi saa saba. Kichanga kikiamka katikati, baba akinyweshe kwa kikombe maziwa yaliyokamuliwa, ambayo yasikae nje zaidi ya saa 4, na pungufu ya hapo kwenye joto la pwani. Kama kukamua hakuwezekani, baba amlete mtoto anyonye tu. Kumcheulisha, kumbadilisha na kumbembeleza ni kazi yake. Mgeni anayekuja kumwona mtoto afue nguo, asikae kungoja soda.

Akiandikiwa dawa za sonona, familia ijue kwamba nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, wakati kichefuchefu huja siku za mwanzo. Ndiyo maana wengi huzitupa wiki ya kwanza. Wengine huacha wakijisikia vizuri, na sonona inarudi. Kwa kawaida dawa huendelea kwa miezi 6 hivi baada ya kupona. Asiache kunyonyesha bila kumuuliza daktari, kwani dawa kama sertralini hupita kwa kiasi kidogo sana kwenye maziwa.

Mama asiyelala kabisa lakini ana nguvu nyingi, anasikia sauti au anasema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, hasa wiki 2 za kwanza, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Asiachwe peke yake na mtoto. Maombi yafanyike njiani.

Baba naye hupata sonona, ila yake hujificha kwenye pombe, hasira na kuchelewa kurudi. Akimsindikiza mtoto kliniki, aulizwe maswali yaleyale 2.

Tunawaomba waganga wakuu wa wilaya waanze na kona moja yenye pazia karibu na mzani wa watoto, na muuguzi mmoja aliyefundishwa kulitumia dodoso hilo.

Wauguzi wakunga,
Morogoro