Kwa mdogo wangu, uliyesema "si ni karatasi tu"

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Najua umecheka. Salamu hiyo tuliiandika wee mpaka ikatuchosha, kwenye zile karatasi zenye waridi pembeni, na bahasha tukainyunyizia poda ili anayefungua apate harufu kabla ya maneno. Aliyekuwa anamaliza poda ya mama ni wewe. Aliyekuwa anasemwa ni mimi.

Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni ule ujumbe wako wa sauti. Ningekujibu kwa sauti, lakini wewe ujumbe ukizidi dakika moja husikilizi, unarukia mwisho. Ningekuandikia pembeni ungeniwekea tiki mbili za bluu ukaendelea na mambo yako. Hapa hadharani utasoma mpaka chini, maana shangazi watakuwa wameshasoma kabla yako.

Umesema: "Dada, mtoto anataka kadi za mkono kwa ajili ya sendofu yake, zile zako za zamani zenye kitenge. Huku Dar kila mtu anatumiwa kadi kwenye simu, ya karatasi ndiyo imekuwa ya wakubwa. Utatufanyia, eti?" Halafu ukacheka.

Nitazifanya. Naliweka hilo mbele usije ukaanza kuzungusha simu ukoo mzima. Mtoto ni wangu, mimi ni mama yake mkubwa, na kadi yake hawezi kuifanya mtu mwingine mimi nikiwa hai. Lakini "zile zako za zamani", mdogo wangu, umezitaja kwa ulimi mwepisi sana.

Unakumbuka zilivyotengenezwa, kwa ajili ya harusi yako? Vipande vya kitenge nilivichukua kwa yule fundi wa chini ya mwembe, vile anavyofagia jioni, nikavichagua kimoja kimoja nikivilinganisha rangi. Vya Kongo vilikuwa vizuri zaidi kwa sababu rangi haikuchuja kwenye gundi. Gundi yenyewe ulikuwa uji wa unga wa muhogo niliouchuja kwa kitambaa, unapakwa mwembamba, kisha kadi zinalazwa chini ya ile pasi ya mkaa mpaka asubuhi. Ukiupaka mzito, manila inavimba na kujikunja pembe. Usiku mende wanaufuata, kwa hiyo nililala na kadi zako kitandani, ndani ya sanduku la baba la fomu za reli. Na mstari wa kukunjia niliuchora kwa biki iliyokwisha wino na rula ya chuma, ili kadi ikikunjwa isipasuke juu. Wewe ulipita ukauliza kwa nini naandika na kalamu isiyoandika.

Halafu zikaja zile za Dar, zenye maandishi ya dhahabu, ndani ya mkoba wa upande wa shemeji. Sawa. Wakwe wakileta kitu hurudishi. Hilo nililimeza na nikasaidia kuandika majina kwenye bahasha zao, tena kwa mwandiko wangu mzuri, wala hakuna aliyeniambia ahsante.

Jioni ya kuamkia harusi ndiyo sijaimeza mpaka leo. Niliingia uani kuchukua maji. Kadi zangu zilikuwa juu ya gunia la mchele, bunda zima, kamba imekatwa. Mpishi mkuu ameshika biki, anaandika nyuma ya moja: soda kreti ngapi zimeingia, nazi ngapi, nani amekuja na kuni. Nyingine imewekwa chini ya kopo la mawese. Mafuta yalikuwa yameacha duara la rangi ya machungwa, na pale yalipoingia karatasi ilikuwa imeng'aa mpaka unaona upande wa pili: jina lako, herufi zimegeuka nyuma mbele. Kitenge cha pembeni kimelowa chote. Nikamuuliza yule mama amezitoa wapi. Akaniambia bila ubaya wowote, "Kanipa bi harusi, kasema zitumike zisipotee bure."

Nikageuka, nawe uko mlangoni, mikono umeinyanyua juu hina isiguse nguo. Ukaniangalia usoni. Ukasema, "Si ni karatasi tu, dada. Mbona unakunja uso siku yangu?"

Wanawake wote uani wakacheka. Hata mimi nikacheka, ningefanyaje.

Nilimpelekea mama kesi, Mungu amrehemu. Mama hakusema kwamba umekosea. Alisema kadi zangu zilikuwa nzuri mno. Alisema tungezigawa zile, watu wangedhani tuna hela, na mchango ungeshuka. "Mtu akipokea kadi ya namna hii anajua mmeshajitosheleza." Nimeipima hoja hiyo miaka yote na sijaona kama ina ukweli, kwa sababu za dhahabu hazikumzuia mtu kuchangia. Ila mama alikuwa na njia yake ya kumaliza ugomvi: anamsifia aliyeumizwa mpaka anakosa pa kuanzia.

Sasa nikueleze kitu ambacho hujawahi kukaa ukakisikiliza. Hapa Mwanga, steshenari yangu inaishi kwa fotokopi, picha za pasipoti na kutuma hela. Karatasi nzuri hainilishi. Lakini ungekaa na mimi kaunta siku moja ungeona ninachokiona. Wanakuja wachuuzi wa dagaa kutoka Kibirizi, watu wazima wenye mikono imekauka kwa chumvi, wanataka kaunta buku la kuandikia madeni. La kwaya 2, yaani kurasa 192. Yote bei moja. Mtu atashusha rundo zima, atageuza moja baada ya jingine, atapitisha kidole mgongoni, mpaka apate lenye mgongo mwekundu usio na mkwaruzo. Ukimuuliza anatafuta nini atakwambia "naangalia tu kama lina kurasa zote". Muongo. Anataka zuri, na anaona aibu kulitaka.

Januari ndiyo usiseme. Mtoto wa darasa la kwanza anasimama na mama yake ananunuliwa madaftari, kaki ya kufunikia, nailoni ya juu, halafu anaona vifutio vyenye harufu ya stroberi. Anachukua kimoja, ananusa, anarudisha. Ananusa tena. Mama anasema "hicho hakifuti vizuri", na ni kweli, hakifuti, kinachafua. Nampa mtoto. Wewe utasema ndiyo maana duka halikui.

Na mimi mwenyewe ninapofungua rimu mpya bado napata raha ileile. Karatasi 500, pembe zote nne hazijaguswa na mtu. Unapitisha kidole gumba ubavuni ziachane, maana zikiingia mashineni zimeshikana zinakwama, na zinapoachana zinatoa upepo mdogo wenye harufu. Baba alipoleta nyumbani zile karatasi za kaboni za stesheni ulizipigania kwa meno. Ulikuwa unazinusa, vidole vya bluu, shavu la bluu. Kwa hiyo usijifanye hujui ninachosema.

Na ile saksesi kadi ya kidato cha nne? Yenye muziki, niliyokununulia kwa hela yangu ya vibarua? Uliniandikia mwenyewe kwamba bweni zima lilipanga foleni kuifungua, mpaka betri ikafa kabla hata ya mtihani wa kwanza. Barua hiyo ninayo. Haikuwa karatasi tu siku hiyo.

Nirudi kwenye kazi, maana sikukusudia kuyasema yote hayo.

Mwanangu amenitumia vipimo. Anataka kadi ya mraba, ya kukunja, sentimita 15 kwa 15. Mwambie, kwa upendo, kwamba haiwezekani kwenye A4, na si ubishi wangu. Kadi ya kukunja ya ukubwa huo inahitaji urefu wa sentimita 30. A4 ina milimita 297. Zinapungua milimita 3, na hizo huwezi kuzivuta. Nikikata ya sentimita 14.8 inaingia, ila pembeni kunabaki kipande cha sentimita 6 na ushee, kirefu chembamba, cha kutupa. Wajerumani walipoweka vipimo hivi mwaka 1922 walivipanga kwamba ukiikata karatasi katikati, nusu inabaki na umbo lilelile la mzima: A4 inatoa A5 mbili, A5 inatoa A6 mbili, bila kupoteza hata uzi. Mraba haumo katika hesabu hiyo. Anayetaka mraba analipia pia kile kipande kinachotupwa. Au achukue A6, milimita 105 kwa 148, ambayo ni nzuri mkononi na inaingia kwenye bahasha za kawaida. Bahasha ya mraba hapa Kigoma sina, na kuagiza Kariakoo ije kwa basi ni gharama nyingine na pembe zinafika zimechoka.

Karatasi iwe ya gramu 250 kwa mita ya mraba. Usininunulie wewe. Nakujua, utaingia duka la kwanza utachukua inayometa. Inayometa haishiki wino, ukipitisha kidole jina linakuwa ukungu. Na ukishikilia kununua, basi angalau ikunje kidogo bila kuivunja, kwa urefu halafu kwa upana. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zinalala upande mmoja. Upande unaokubali bila ubishi ndio wa kukunjia. Ukikunja kinyume chake mgongo wa kadi unapasuka vijinyufa vyeupe, na mgeni ataona, asiposema moyoni atasema garini.

Zile tepu za washi, za karatasi yenye rangi na maua, alizoniletea mtoto sikukuu ya Idi, nitazitumia kufungia bahasha. Amenifurahisha sana, hujui. Alikaa kaunta akanisomea kwenye simu habari ya kiwanda kinachozitengeneza huko Japani, kinaitwa Kamoi. Kilianza mwaka 1923 kwa kutengeneza karatasi za kunasia nzi, baadaye tepu za mafundi rangi, zile za kuzuia rangi isivuke mstari. Basi wakatokea wanawake watatu waliozipenda tepu hizo kwa kupambia vitu, wakaandikia kiwanda kuomba waende kukiona. Wazee wa kiwandani hawakuwa wamefikiria kwamba kuna mtu anaitazama tepu yao kwa uzuri wake. Kutoka hapo ndipo wakaanza kutoa za rangi na maua. Nilimwambia mwanangu arudie kusoma hapo kwa wanawake watatu. Na ufundi wa karatasi yenyewe ya washi, ile ya kutengenezwa kwa mkono, UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2014. Nakutajia tu.

Nilimuuliza pia mtoto anazipenda kadi hizi amezijulia wapi, maana za harusi yako hakuna iliyosalia ninayoijua. Akasema umemsimulia wewe. Umemwelezea mpaka mshono wa kitenge na rangi ya karatasi. Sikumuuliza zaidi, na wewe usinieleze kwa ujumbe wa sauti. Ukija tutakaa.

(Nyinyi wengine mnaosoma, wenye dada wanaofanya kazi za mkono: wakiwapa bei msiseme "si uko nyumbani tu, unakosa nini". Wanakosa usingizi.)

Bei nimekufanyia ya ndugu, ila si bure. Ya bure uliipata mara ya kwanza na tuliona ilikofikia. Nusu ya hela itangulie kabla sijakata karatasi hata moja. Kitenge alete mtoto mwenyewe, nguo moja ya mama na moja yako, kipande cha kiganja kinatosha, na kifuliwe kwanza tujue kama kinachuja. Majina uyaandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uipige picha. Majina kwa sauti sipokei, kuna mzee upande wa bwana harusi ambaye herufi moja ikiruka haji. Vyote hivyo nivipate mapema kabla masika haijakolea, kwa sababu hewa ya ziwa ikishaanza kushika maji manila inalegea na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Zitakazobaki zirudi kwangu, zote, hata zilizokosewa. Kwa hesabu za jikoni nitaweka daftari ndani ya boksi, la kurasa 96, pamoja na biki mbili. Hilo halina malipo.

Wasalimie shemeji na watoto.

Dada yako,
Mwanga, Kigoma