Barua kutoka Samsun: timu ya mkoani na rangi yake nyeusi

Samsun, Uturuki

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na wewe Mama, na wadogo zangu wote nawasalimu. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda vizuri na baridi nimeshaizoea. Mama, usiwe na wasiwasi na chakula: huku pwani ya Bahari Nyeusi wanakula samaki wadogo waitwao hamsi, wanafanana na dagaa wetu, wanawapaka unga wa mahindi na kuwakaanga mpaka wakauke. Nashiba.

Baba, siku ile kwenye simu uliniuliza mara mbili kwa nini nimefika Uturuki halafu nashabikia Samsunspor, timu usiyowahi kuisikia, na Galatasaray ipo, na Fenerbahçe ipo ambayo Samatta wetu aliichezea. Salio likakatika. Nimeona nikuandikie, maana jibu lake ni refu, na wewe mtu wa Coastal Union ya Tanga utalielewa kuliko watu wote.

Mpira wa huku una wenyewe. Kwetu ni Simba na Yanga. Hapa ni watatu, Galatasaray, Fenerbahçe na Beşiktaş, wote wa Istanbul. Ligi ya taifa ilianza 1959, na ubingwa haukutoka Istanbul hata mara moja mpaka 1976, Trabzonspor walipouchukua. Hao ni majirani zetu kwenye pwani hii hii. Tangu hapo timu ya mkoani nyingine iliyoweza ni moja tu, Bursaspor, mwaka 2010. Kwa hiyo unapotaja ubingwa wa Coastal 1988, na wa Tukuyu Stars 1986, watu wa huku wanakuelewa kabisa uzito wake.

Samsunspor ilianzishwa tarehe 30 Juni 1965. Miaka ile chama cha soka kilikuwa kinaihimiza miji iunganishe vilabu vyake vidogo vya ridhaa, ipate timu moja ya maana ya kuingia daraja la pili. Ndiyo maana timu nyingi za mikoani hapa ni rika moja na majina yao yamefanana: jina la mji, kisha "spor". Wakapanda ligi kuu 1969. Nembo yao ina Atatürk, mwasisi wa Uturuki ya leo, juu ya farasi, kwa sababu ni hapa Samsun aliposhuka melini tarehe 19 Mei 1919 kuanza harakati za kuikomboa nchi yake. Sanamu yenyewe iko bustanini katikati ya mji, farasi kasimama kwa miguu ya nyuma, na watoto wanacheza chini yake. Hata uwanja unaitwa 19 Mayıs, yaani 19 Mei.

Sasa nikupe habari utakayoipenda. Mwaka 1985 Samsunspor walipanda tena ligi kuu wakiwa na kijana wa hapa hapa mjini, Tanju Çolak. Msimu wa kwanza baada ya kupanda akafunga mabao 33, na timu iliyotoka kupanda ikamaliza ya tatu. Msimu wa pili akafunga 25, akawa mfungaji bora tena. Unajua kilichofuata, Baba, maana umekiona Tanga maisha yako yote: Galatasaray wakamchukua 1987. Huko akafunga 39 kwa msimu mmoja na kupata Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya. Dunia inamjua kwa jezi ya Galatasaray. Ukiingia kwenye kinyozi ninakonyoa, picha yake iliyobandikwa juu ya kioo ni ya jezi ya Samsunspor.

Hata bila Tanju timu haikufa. Mwaka 1988, mwaka wenu ule ule, walifika fainali ya Kombe la Uturuki, wakafungwa na Sakaryaspor, nao watu wa mkoani. Ilikuwa timu ya kweli. Nakutajia hayo ili ujue ni timu gani iliyopanda basi Januari ya mwaka uliofuata.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 20 Januari 1989. Walikuwa wanakwenda Malatya kucheza na Malatyaspor, safari ndefu ya milimani, wakati wa theluji. Walikuwa ndani ya basi kama Coastal wanavyopanda basi kwenda Mbeya au Mwanza. Karibu na Havza, mji mdogo ambao haujatoka hata nje ya mkoa wa Samsun, basi likagongana na lori. Kocha Nuri Asan akafa. Wachezaji Muzaffer Badalıoğlu na Mete Adanır wakafa. Dereva Asım Özkan akafa. Zoran Tomić, mchezaji aliyetoka Yugoslavia, alibaki amepoteza fahamu kwa miezi, naye akafariki. Nahodha Emin Kar aliokoka lakini hakuweza kutembea tena. Wengine walipona majeraha ila mpira wao uliishia pale barabarani.

Mzee mwenye nyumba ninayopanga alikuwa kijana wakati huo. Ananisimulia kwa vipande vipande, leo hiki, kesho kile. Anasema hawakuipokea habari ile kama habari ya mpira. Wale wachezaji walikuwa wanakutana nao kwa muuza mkate. Nikamweleza habari ya ndege ya Zambia ya 1993, jinsi mnavyotusimulia mpaka leo mlivyoisikia redioni na nyinyi si Wazambia. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama Zambia walipata tena timu. Nilipomwambia kwamba walichukua ubingwa wa Afrika 2012, tena Libreville, mji ule ule ambao ndege yao iliondoka ikaanguka baharini, akainuka akaenda kumweleza mkewe jikoni.

Samsunspor hawakuweza kumalizia msimu. Mechi zao zilizobaki ziliandikwa kwamba wamefungwa 3-0, moja baada ya nyingine, na chama cha soka kikaamua wasishushwe daraja. Rangi za klabu zilikuwa nyekundu na nyeupe. Baada ya ajali wakaongeza nyeusi.

Hiyo nyeusi, Baba, ndiyo jibu langu. Haikuwa kitambaa cha mkononi cha mechi moja kisha kikavuliwa. Ni zaidi ya miaka 30 sasa na bado ipo: kwenye jezi, kwenye skafu, kwenye bendera zinazoning'inia madirishani, kwenye viatu vya watoto wachanga dukani. Nilinunua skafu yangu sokoni, ya kufumwa, nyekundu na nyeupe na nyeusi, na mama aliyeniuzia alipoona mimi mgeni akashika sehemu nyeusi kwa vidole viwili, akaitaja ile tarehe, akaniangalia kuona kama nimeelewa. Kila tarehe 20 Januari wanakwenda makaburini. Kwetu matanga huanuliwa, watu wakarudi makwao. Haya ya Samsun mji mzima umekataa kuyaanua, na vijana waliozaliwa miaka kumi na tano baada ya ajali wanayakalia kama waliokuwepo. Sijaona timu kubwa yenye vikombe ambayo ni ya watu wake kwa namna hii.

Na hawakuishi kwa huzuni tu. Walishuka, wakapanda, wakashuka tena. Mwaka 1994 wakachukua Kombe la Balkan. Baadaye mambo yakaharibika, madeni, na 2018 wakaporomoka mpaka daraja la tatu. Mfanyabiashara Yüksel Yıldırım ndiye aliyeichukua timu mwaka huo. Najua wewe hupendi timu kuwa mali ya mtu mmoja, na mimi nina mashaka yangu, maana akichoka atakwenda na fedha zake. Lakini walipanda 2020, kisha 2023 wakarudi ligi kuu baada ya miaka 11. Msimu wa 2024/25, wakiwa wamefungiwa kusajili, wakamaliza wa tatu, mbele ya Beşiktaş! Mzee hapa alitoka kibarazani akapiga mluzi mtaa mzima ukasikia. Wakaenda Ulaya, wakawafunga Legia ya Poland kwao Warszawa.

Nikienda uwanjani napanda tramu kuelekea Tekkeköy. Behewa linajaa mpaka milango inafungwa kwa shida, na wanafunzi tunaotoka Afrika tunasukumwa katikati na kufundishwa nyimbo. Hakuna anayeniuliza nashabikia nani Istanbul.

Sasa nina ombi. Nimemwambia mzee kwamba baba yangu alikuwa uwanjani Mkwakwani mwaka 1988, akanibana nimtajie kikosi cha Coastal, namba moja mpaka kumi na moja, na waliokuwa benchi. Tafadhali kaa na rafiki zako wa barazani mkiandike, mnitumie kwa WhatsApp, kila jina na nafasi aliyocheza. Kama kuna picha ya timu ya mwaka ule, hata iliyofifia, mdogo wangu aipige kwa simu aitume. Mzee anataka kuipeleka kwa kinyozi ikabandikwe.

Wasalimie majirani wote, na bibi mwambieni nitampigia Ijumaa.

Mwanao akupendaye.