Supa gluu ya dukani iacheni kwenye viatu

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu vijana wa gereji na mafundi viatu wa mtaani kwetu hapa Tanga. Mmoja wao akijikata, hukimbilia supa gluu. Ukimkemea anakujibu, "Sista, si hata hospitali mnatumia?"

Hospitali hutumia gundi, ila siyo hiyo. Ni za ukoo mmoja, sayanoakrileti, kemikali ambayo Harry Coover wa kampuni ya Kodak, Marekani, aliikuta mwaka 1942. Ya dukani ikigusa nyama mbichi hupata joto, kisha humeng'enyuka upesi na kutoa fomaldehaidi, ambayo ni sumu kwa kidonda. Tena haikutakaswa vijidudu. Ya hospitali ina molekuli ndefu zaidi, hivyo humeng'enyuka polepole. Wamarekani waliidhinisha mojawapo ya hizo za hospitali, aina iitwayo oktili, mwaka 1998, kwa ajili ya ngozi ya juu tu.

Nimestaafu chumba cha upasuaji, na najua kazi ya kumshona mtoto aliyepasuka kipaji cha uso: watu wazima wawili wanamshika, sindano ya ganzi, kilio hadi nje ya geti. Kwa gundi unabana kingo za kidonda, unapaka juu, unasubiri kidogo, mama anaondoka na mwanawe. Ningependa kuiona katika vituo vya afya vingi zaidi.

Lakini goti au kiwiko usipake. Gundi hiyo ikikauka ni ngumu, kiungo kikikunjwa inapasuka. Ndani ya mwili kuna kazi kubwa zaidi: pafu halitulii hata dakika moja, na tundu lililoshonwa linaweza kuendelea kuvuja hewa kwenye njia ya sindano. Gundi ya fibrini, itokanayo na damu, ni laini na mwili unaikubali, ila haishiki kwa nguvu. Mwaka 2017 watafiti wa Sydney na Boston walitangaza gundi ya protini inayonyumbuka kama mpira. Unaimimina, unaimulika kwa taa, inaganda kwa sekunde 60. Walikuwa wameijaribu kwenye mapafu ya nguruwe. Mwaka huohuo wenzao wa Harvard waliiga ute wa konokono uchi, wakapata gundi inayoshika hata moyo wa nguruwe uliolowa damu. Hizo ndizo habari za kufuatilia.

Kwa sasa, vijana wangu, osheni kidonda kwa maji safi na sabuni, kandamizeni kwa kitambaa safi, nendeni zahanati. Na ambaye gundi imemgandisha kope, asivute wala asitie mafuta ya taa. Awahi kwa daktari wa macho.

Muuguzi mstaafu,
Tanga