Kikaangio cha hewa: kabla hujanunua

Mhariri,

Kwa nyumba ya watu wawili watatu hapa Kigoma, kikaangio cha hewa (air fryer), yaani chombo cha umeme kinachopika kwa hewa ya moto inayopulizwa na feni, kinafaa, ila kwa vyakula fulani tu. Cha lita 4, wati 1,500, kikiwaka dakika 20 hakizidi nusu uniti ya umeme wa LUKU (wa kulipia kabla). Samaki mgebuka akatwe vipande, apakwe mafuta kijiko kimoja, nyuzi 180, ageuzwe dakika ya 10. Vipande visilaliane, hewa isipopita, samaki huchemka badala ya kukauka. Dagaa wakavu ndio balaa: feni huwapeperusha hadi kwenye koili wakaungua. Kaimati sahauni, donge lake laini huvuja kwenye matundu ya kikapu. Chomekeni ukutani, si kwenye ekstensheni ya waya mwembamba. Anayepika wali na maharage kila siku, fedha hiyo anunue jiko la umeme la presha.

Msomaji, Ujiji