Mwanangu, nimempata mchoraji

Mwanangu, habari za Bukoba? Huku Kirumba wazima, mama anakusalimia sana anauliza lini unapanda meli uje umsabahi. Mimi nina jambo moja tu la kukuandikia, limenikaa kifuani wiki nzima. Nimempata mchoraji, yaani nimempata haswa, na kila nikimwangalia nakuona wewe na lile daftari lako la hesabu la darasa la tano.

Anaitwa Jack Davis, Mmarekani wa Atlanta, kazaliwa 1924 kafariki 2016. Alitumikia jeshi la majini wakati wa vita kuu ya pili, karudi kasoma sanaa, halafu 1950 akaingia EC, kampuni ya katuni za kutisha ya New York, akawa anachora maiti wanaofufuka. Yaani misukule kabisa, kama wale aliokuwa anatuhadithia bibi yako, katoka kaburini nguo zimegandana na nyama, matope yanachuruzika, meno yote nje kama anakuchekea. Nilikuwa naangalia saa nne usiku umeme umekatika, upepo wa ziwa unapiga bati, aisee niliiweka simu chini nikajifunika shuka, mtu mzima mimi.

Sasa sikiliza hapa ndo penyewe. 1952 gazeti la vichekesho la MAD linatoa toleo la kwanza kabisa na mzee huyohuyo yumo ndani, na kachora nini, nyumba yenye mashetani! Anavichekesha vitu vilevile anavyotishia watu navyo kule kwingine. Nikachukua picha mbili, moja ya kutisha moja ya kucheka, nikawa nahama huku na huku nazikuza mpaka macho yakauma. Wino uleule. Mwangalie viatu mwanangu, kila picha wewe anza na viatu: vikubwa kama mitumbwi, soli imebenuka, halafu mguu mwembamba kama kijiti unazama kwenye suruali iliyojikunjakunja huko chini, na kila kunjo kalijaza vimistari vya kalamu vinapishana mpaka unausikia uzito wa kitambaa. Kwenye maiti lile kunjo linakwambia suruali imelowa maji ya kaburi. Kwenye kichekesho kunjo lilelile linakwambia jamaa kaazima suruali ya kaka yake. Kilichobadilika ni macho na mdomo, basi.

Juzi nikayaona haya kwa macho yangu pale Mwaloni nasubiri mzigo wa dagaa. Unawajua wale korongo wetu, kichwa kipara, mfuko unaning'inia shingoni, mabega kapandisha kama mzee wa msibani ndani ya koti jeusi. Mmoja kasimama juu ya magunia ametulia tuli anatazama watu. Mtoto mmoja kamwona kakimbilia kanga ya mama yake analia, mwingine wa umri uleule akaanza kumuiga anavyotembea, mikono nyuma, hatua moja moja, mpaka wabeba mizigo wote wakaangua kicheko. Ndege ni mmoja! Nikasema huyu mzee angekuwepo angemchora korongo huyu tungemwogopa na kumcheka kwa wakati mmoja. Davis alisifika kwa mkono mwepesi, nina hakika ndege asingeruka kabla hajamaliza.

Sio kwamba kila kazi yake naipenda. Ipo moja ya 1953, mchezaji wa besiboli kamuua mwenzake kwa sumu, basi wenzake wa marehemu wakalipiza usiku uwanjani, mguu wa yule muuaji ndo gongo, kichwa ndo mpira, matumbo yametandazwa kuwa mistari ya uwanja. Hiyo mi naona kapitiliza. Na iliwaponza kweli, maana daktari mmoja wa akili, Fredric Wertham, akaiweka kwenye kitabu chake cha 1954 kwamba katuni zinaharibu watoto, mwaka huohuo maseneta wakaitisha kikao, wachapishaji wakajitungia masharti yao, hakuna misukule, hakuna mazimwi, na neno lenyewe "kutisha" lisionekane hata kwenye jina la gazeti. EC wakafunga magazeti yao ya kutisha.

Nilivyosoma hapo nikakumbuka ile siku ticha alivyotuchania Sani zetu, yale magazeti ya katuni, mbele ya darasa, Madenge na Lodi Lofa vipande vipande sakafuni, na daftari lako akalichana na lenyewe. Ulilia wewe. Na baada ya pale sikukuona tena ukichora darasani, hilo linaniuma mpaka leo.

Davis yeye hakuacha. Walivyomfungia mlango wa maiti akaingia kwa ule wa vicheko, akachora mabango ya sinema, makava ya Time na TV Guide, viatu vyake vilevile vikubwa vikaenda kila mahali. Kastaafu akiwa na miaka 90, tena kwa sababu aliona mkono haumpi tena anachokitaka. Miaka 90 mwanangu, na bado anaupima mkono wake!

Sasa nikwambie kitu sijawahi kukwambia. Siku ile niliokota karatasi moja sakafuni, yule msukule wako anayening'inia mlangoni mwa daladala ya Igoma, konda anamdai nauli na yeye anatafuta mfukoni hana hata mfuko. Ninayo bado, mama ameilaza ndani ya Biblia yake. Imepasuka kona moja tu, viatu vipo vyote viwili.

Nimekununulia kalamu za wino na karatasi ngumu hapa Makoroboi, nampa kijana anayepanda meli Ijumaa akufikishie, mpokee bandarini asubuhi. Mama kasema wa kwanza umchoree yule korongo.

Wako wa Kirumba