Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Mkoa wa Dodoma: mafumbo ya hesabu yanawashinda watoto wetu

Shikamoo mkuu. Mimi ni mzazi, na jioni huwa nawasaidia hesabu watoto wa mtaani kwetu hapa Nkuhungu. Naomba unisome mpaka mwisho maana hili jambo linaniuma kweli.

Watoto wa fom wani ukiwaandikia 800x = 64,000 wanakujibu 80 fasta. Sasa hesabu hiyohiyo iweke kwenye maneno: mama ananunua zabibu Hombolo kilo moja kwa shilingi 1,500, anaiuza mjini 2,300, usafiri wa mzigo wote 24,000, anataka abaki na faida ya 40,000, je abebe kilo ngapi? Kimyaa. Wengine wanaanza kujumlisha kila namba wanayoiona, ilimradi jibu lipatikane.

Kukokotoa wanajua mkuu, wanakwama kabla ya hapo, hawajazoeshwa kwamba kitu usichokijua unakipa jina kwanza halafu unakisimulia kwa namba. Kilo hatuzijui, haya tuziite x. Mauzo ni 2,300x, manunuzi 1,500x, toa na usafiri, kinachobaki lazima kiwe 40,000. Yaani 2,300x − 1,500x − 24,000 = 40,000, na hapo ndo inazaliwa ile 800x = 64,000 ambayo wanaiweza vizuri tu! Wakishapata 80 warudi kwenye fumbo wahakiki, kilo 80 kila moja inaacha 800, jumla 64,000, ukitoa usafiri inabaki 40,000, imekubali. Hii hatua ya kuhakiki inarukwa sana wakati ndo inayomfanya mtoto ajiamini bila kusubiri tiki ya mwalimu.

Halafu kuna lugha. Shule ya msingi ya serikali mafumbo aliyafanya kwa Kiswahili, akifika sekondari yanakuja kwa Kiingereza, mtoto anaambiwa "5 less than x", yaani namba iliyo pungufu ya x kwa 5, anafuata mpangilio wa maneno anaandika 5 − x badala ya x − 5, hapo huwezi kusema hajui kutoa.

Ombi langu mkuu, vile vikao vya MEWAKA ambavyo walimu wanakaa kujengana shuleni, viwe na zamu ya mafumbo peke yake, namna ya kutoka kwenye maneno kwenda kwenye mlinganyo, na mwalimu asiogope kulieleza fumbo kwa Kiswahili kwanza kabla ya kurudi kwenye Kiingereza cha mtihani. Na kwenye mok ya mkoa wekeni maswali ya huku kwetu, magunia ya mahindi Kibaigwa, alizeti, bodaboda mmoja anayeanzia 1,000 na kuongeza 500 kila kilomita na mwenzake anayechaji 700 kila kilomita bila ya kuanzia, mtoto atafute ni kilomita ngapi bei zinalingana (ni 5) na aseme safari fupi zaidi ya hapo apande ya nani. Hata maswali mawili tu kwa kuanzia, mkuu.